Sufuria Lisilorudi Tupu

Wewe unayenisikiliza, umewahi kukaripiwa na chungwa? Mimi nimekaripiwa, tena nikiwa jikoni kwangu mwenyewe. Usiku wa jana niliota, na leo nakusimulia vilevile nilivyoona, sipunguzi wala sitii chumvi, ingawa chumvi nayo imo, utaisikia.

Kwanza nikwambie nililala nikiwa na nini tumboni.

Jumamosi tuna akika ya mjukuu wangu mchanga. Wageni watatoka Korogwe, wengine Tanga mjini, na hakuna hata mmoja atakayekuja hapa Muheza kula ugali. Watataka pilau. Pilau ya watu wote hao hupikwa katika sufuria kubwa, na sufuria kubwa ninalo. Nilipewa na mama yangu nilipoolewa. Ni la shaba, zito, lina masikio mawili, na ubavuni lina kibonyeo mahali lilipogonga kizingiti siku nilipoletwa kwa mume. Chini ya sikio moja nimelipaka nukta tatu za rangi ya kijani, maana kwenye shughuli za watu masufuria huchanganyika, na mtu anaweza kuondoka na lako akakuachia lake lililotoboka.

Ni langu kabisa, ila haliko kwangu. Liko kwa wifi yangu Mwanamvua, dada wa marehemu mume wangu, nyumba ya jirani tu, ukipita mchungwa wa uani. Aliliazima kwa arusi ya mwanawe. Huyo mwanawe sasa ana watoto wanaokwenda shule.

Sijawahi kumuuliza. Wifi ni mtu niliyezeeka naye, tumeuguziana, tumezikiana, hatujawahi kurushiana neno baya. Nikimwambia nataka sufuria langu, yeye atasikia nimemwita mwizi. Nisipomwambia, Jumamosi tutakodi la watu. Yeye atakuja asubuhi na kisu chake cha kumenyea vitunguu, kama anavyokuja siku zote, atakuta sufuria la kukodi limekaa mekoni mbele ya wageni, na hapo hatahitaji kuambiwa kitu. Atamenya vitunguu mpaka viishe, atakunja kanga yake, atakwenda kwake, na hatavuka tena ule mchungwa. Namjua.

Mkwe wangu alikuwa ameniuliza: Mama, tukodi au tusikodi? Nikamwambia nitamjibu kesho. Alipouliza tena kesho yake nikamwambia nitamjibu kesho. Kesho yenyewe ndiyo leo.

Sasa jana jioni mjukuu wangu Zaituni alikuwa anasoma kwa sauti somo lake la sayansi, habari ya vitu kuelea na kuzama. Akaniuliza mimi nadhani ni kwa nini. Nilikuwa nachambua mchele, nikamjibu bila kuinua uso kwamba vizito huzama, vyepesi huelea, jambo hilo halihitaji kitabu. Akauliza kama meli ya chuma ni nyepesi. Nikamwambia meli ina injini. Alicheka mpaka akamwamsha mtoto. Mimi nikaenda kulala na swali lake ubavu huu na sufuria ubavu ule.

Basi naona niko jikoni. Natia maji kwenye beseni nioshe mchele. Natia, natia, beseni halijai. Nikitazama vizuri, kilichojaa ni jiko zima. Maji yako magotini. Kuku wamepanda juu ya kabati la vyombo na wananitazama kama watu wanaomngoja karani aliyechelewa kazini.

Mlangoni limesimama chungwa. Kimo chake ni changu, upana wake ni mara mbili yangu, na maganda yake limeyafunga vifungo mpaka shingoni.

"Jana mchana ulimmenya ndugu yangu," linasema.

Nasema ndiyo, na alikuwa mtamu.

"Ulimvua koti karibu na ndoo ya maji. Hukufikiria kama angetumbukia?"

Nikasema sikufikiria, nilifikiria kula. Likanikaripia. Likasema watu wazima wa siku hizi hawana huruma, wanamvua mtu koti bila kujua koti ni la nini. Likanionyesha upande wa ndani wa ganda, ule weupe ulio kama pamba, nikaona umejaa vishimo vidogo, na katika kila kishimo kuna hewa kidogo imejikunja imelala. Kisha likafungua vifungo, likalivua koti lote, likanipa nilishike. Papo hapo likashuka chini ya maji, bukubuku.

"Umeona?" linaniuliza kutoka sakafuni, na kila neno linapanda na povu lake.

Nikasema nimeona. Likaniomba nilirudishie koti, nikalirudishia, likavaa, likapanda juu taratibu, likajifunga vifungo na kunishukuru.

Nikaona hapo nimepata ushahidi wangu. Nikaliambia: si unaona, ukiwa mwepesi unaelea.

"Mama," likasema, "nikivaa koti na nisipovaa, ni wakati gani mimi ni mzito zaidi?"

Nikafikiri. Koti lenyewe lilikuwa limenichosha mkono. Nikasema ukivaa.

"Na ni wakati gani naelea?"

Kuku mmoja juu ya kabati akasafisha koo.

"Nenda kamuulize Maji mwenyewe," chungwa likasema. "Yuko stesheni."

Nafungua mlango wa jikoni, natokea stesheni ya reli. Reli ziko chini ya maji, zinaonekana, zimetulia. Kwenye benchi la abiria ameketi mwanamke mnene aliyevaa kanga isiyo na maandishi, inatiririka tu kutoka begani mpaka chini na haimaliziki. Huyo ndiye Maji. Mbele yake kuna foleni, na kila anayefika anaingia ndani yake kama mtu anavyoingia ofisini.

Nikamuuliza jirani yangu kwenye foleni, msumari mrefu wa paa, utaratibu ukoje. Msumari ukasema kwamba yeye huja kila siku na kila siku anazama, lakini hakati tamaa.

Maji alinisikia, akanieleza mwenyewe, kwa upole, kama mtu aliyeeleza jambo hilo tangu dunia iumbwe.

"Kila anayeingia kwangu ananisukuma, maana hawezi kukaa mahali nilipokaa mimi. Yale maji aliyoyasukuma yanataka kurudi kwao, kwa hiyo yanamsukuma na yeye kwenda juu. Yanamsukuma kwa nguvu ya uzito wa maji hayo, hayana nguvu nyingine. Uzito wa maji hayo ukifika uzito wako, yanakubeba. Usipofika, unashuka. Sina kinyongo na mtu."

Mafuta ya nazi yalipita bila kupanga foleni, yakajitandaza juu kabisa, yakasema hayajawahi kuketi chini tangu yalipokamuliwa. Maji akaninong'oneza kwamba si heshima, ni hesabu tu: kikombe kimoja cha mafuta hakifikii uzito wa kikombe kimoja cha maji, basi yatakaa wapi.

Nyuma ya mafuta likaja yai, linaelea, tumbo juu, linapiga mluzi. Likanitazama kwa jicho la pembeni, likasema, "Sisi wa juu tunawasalimu."

"Mwache huyo," akasema Maji. "Viza. Vya ndani vimeoza vimepungua, hewa imeingia mahali pao. Yeye anadhani amepandishwa cheo."

Chini kabisa, karibu na reli, kulikuwa na yai lingine, la leo asubuhi, jipya kabisa. Lilikuwa limelala ubavu, limenyamaza, linaona haya kwa kuzama mbele za watu. Lilinitia huruma. Nikafungua fundo la kanga yangu, humo kwa kawaida natia shilingi na tumbaku ya kunusa, lakini jana mlikuwa na chumvi. Nikaanza kumimina. Fundo halikwisha. Nikamimina chumvi ya kutosha kukaushia samaki wa wilaya nzima, mpaka Maji akacheua na benchi likalia chini yake.

"Umeninenepesha," akasema.

Pale chini yai likatikisika. Likasimama wima kwanza, kama linafikiri, kisha likapanda polepole mpaka kichwa chake kikatokeza. Lile viza liliacha kupiga mluzi.

Nikalipongeza lile yai kwa kuwa jepesi.

"Mimi sijabadilika, Bibi," likasema kwa adabu. "Aliyebadilika ni yeye."

Zamu yangu ikafika. Nikakunja kanga, nikavuta pumzi, nikaingia. Nikaenda chini moja kwa moja. Sikuwahi hata kupiga mguu. Nikakaa juu ya reli, na msumari ambao ulikuwa umeshafika ukaniuliza, "Na wewe pia?" ukasogea kunipa nafasi.

Maji akashangaa. Akasema mtu akivuta pumzi hukaa karibu na juu, pua yake haiendi mbali, tena kwa chumvi hii ningepaswa kuelea kama kifuu. Akaniuliza nina nini tumboni. Nikamwambia ugali na mchicha. Akasema ugali hauzamishi hivyo. Akanifungua mdomo kwa vidole viwili, akatia mkono mpaka kwenye kiwiko, akapapasa, akatoa donge.

Lilikuwa donge la shaba, si kubwa, linakaa kwenye kiganja, lakini mkono wake uliinama. Ubavuni lilikuwa na nukta tatu za kijani. Nukta zikapepesa.

"Hiki ni nini?" Maji akaniuliza.

Nikasema sijui.

"Mimi ni neno," likajibu donge lenyewe. "Nimekunjwa tangu ile arusi."

Foleni yote ikasogea karibu. Hata mafuta yalijikusanya yasikilize.

Maji aliliachia lile donge, likazama, pu. Akaliokota, akanipa. Akasema kwamba uzito wake ni huo huo, ndivyo ulivyo na ndivyo utakavyokuwa, hautapungua hata nikilala nalo miaka mingine. Shida ni kwamba nimelikunja. Likikunjwa hivi linasukuma maji kiganja kimoja tu, na maji ya kiganja kimoja hayawezi kubeba shaba ya nyumba nzima.

"Likunjue," akasema.

Nikalikunjua kama ninavyokunjua kanga iliyokaa sandukuni. Lilikuwa gumu mwanzoni, likalia kwenye mikunjo, kisha likakubali. Upande mmoja ukatoa sikio, upande wa pili ukatoa sikio, kibonyeo kikatokea pale pale pake, na mbele yangu likawa sufuria langu la pilau. Maji akaliweka juu yake. Likakaa. Likayumba kidogo, likatulia, linaelea.

"Shaba imepungua?" akaniuliza.

Nikasema haikupungua.

"Uzito?"

Nikasema ule ule, mikono bado inaniuma.

"Kilichoongezeka ni nini?"

Nikachungulia ndani ya sufuria. Nikachungulia tena, maana sikutaka kujibu ovyo mbele ya foleni.

"Hamna kitu," nikasema.

"Ndicho hicho. Hamna kitu kingi sana mle, na chote kinanisukuma. Imekuelea?"

Sisi watu wa zamani wa huku jambo likikaa sawa akilini hatusemi tumelielewa, tunasema limetuelea. Nikamjibu kwamba imenielea, na kweli nikajikuta miguu imeachana na reli, niko juu, kanga imetanda kama jani la yungiyungi. Msumari ukanipungia kutoka chini.

Nikageuka kulichukua sufuria langu niende zangu. Limeshakwenda. Liko mbali, stesheni imekwisha, hakuna benchi wala reli, ni maji tu mpaka macho yanapokoma. Na ndani ya sufuria ameketi wifi yangu Mwanamvua, amekunja magoti, amejifunga kanga yake ya shughuli. Mkononi ana kikombe cha bati. Anachota maji ya nje, anamimina ndani. Anachota, anamimina.

Nikamwita, nikamuuliza anafanya nini. Hakunitazama. Akanijibu kwa sauti ya mtu aliye kazini.

"Nalijaza, wifi. Chombo cha mtu utakirudishaje kitupu?"

Hapo nikashika kichwa. Hii ndiyo desturi yetu, nami ndiye niliyewafundisha watoto wake. Jirani akikuletea sahani ya kaimati, sahani hairudi kwake mikono mitupu. Utatia machungwa, utatia kunde kiganja, hata limau moja utatia. Mtoto akipelekwa na sahani tupu hugeuzwa mlangoni. Sahani haina tabu, hujazwa na kitu chochote. Lakini sufuria linalopikia arusi, utalijaza nini?

Akanisimulia huku anachota. Mwaka ule baada ya arusi alisema atalitia maharage akivuna, na maharage yakaliwa na wadudu. Mwaka uliofuata akasema mchele, akaugua mguu. Kila alivyochelewa, ndivyo alivyoona haya kuleta kidogo, na ndivyo sufuria lilivyozidi kuwa kubwa pale uani kwake. Sasa ameona hakuna kitu duniani kinachoweza kulijaza isipokuwa maji, kwa hiyo anatia maji, na likijaa ataniletea.

Na mimi siku zote hizo nilidhani amelipenda.

Naona sufuria linashuka. Kila kikombe anachomimina, linashuka kidogo. Nukta za kijani zimefika usawa wa maji. Moja imefumba. Chungwa limejitokeza pembeni yangu, limevaa koti lake, linasema, "Mwambie, mama. Likijaa litakuwa donge tena, na yeye yumo." Lile yai viza liko upande wa pili, linasema tusijali, kila mtu na cheo chake.

Nafungua mdomo kumwambia wifi aache. Linatoka povu. Najaribu tena, linatoka povu kubwa zaidi, linapasuka, ndani hamna neno. Nukta ya pili inafumba. Wifi anachota.

Sina kitu mkononi. Navua ndala yangu ya kushoto, ile iliyokatika ukanda nikaishona kwa uzi mweusi, nairusha kwa nguvu zangu zote. Inazunguka hewani, inatua ndani ya sufuria, kwenye maji aliyokwisha kumimina, mbele ya magoti yake. Haizami. Inaelea pale, inazunguka polepole.

Kikombe kikasimama hewani. Wifi akaitazama ndala. Kisha kwa mara ya kwanza akanitazama mimi.

"Hii si ndala yako?" akaniuliza.

Nikavuta pumzi nimjibu.

"Hodi."

Nikafumbua macho. Kumekucha, jua liko dirishani, Zaituni ameshakwenda shule. "Hodi," ikaja tena kutoka mlango wa uani, na sauti niliijua. Nikashusha miguu kutafuta ndala. Ya kulia ilikuwepo, mahali pake. Nikapapasa chini ya kitanda kwa vidole vya mguu, nikainama, nikatazama. Ya kushoto haikuwepo. Nikaenda mlangoni mguu mmoja mtupu.

Wifi Mwanamvua alikuwa amesimama kizingitini. Mkononi, kwa vidole viwili, alikuwa ameshika ndala ya kushoto, uzi mweusi kwenye ukanda, inachuruzika maji.

Nikamkaribisha, tukasalimiana, tukaulizana hali za kuamka na miguu. Ndala ikaendelea kuchuruzika.

Akasema usiku mvua ilinyesha, hajui kama niliisikia. Akasema yeye huacha sufuria uani likinge maji. Akasema ameamka, ameenda kuchota maji ya kunawa, akakuta hii inaelea ndani.

Tukaitazama wote wawili. Yeye hakuuliza ilifikaje. Mimi sikuuliza kwa nini sufuria limechelewa kurudi. Nikaipokea, nikaionja kwa ncha ya ulimi alipogeuka kutazama mawingu, maana mtu lazima ajue. Ilikuwa na chumvi.

Akasema mawingu bado yapo. Akasema Jumamosi atakuja mapema kwa ajili ya vitunguu. Nikasema vyema. Akasema haya, basi, yeye anarudi, ameacha moto. Lakini hakurudi. Alisimama pale, mkono kwenye mwimo wa mlango, anaokota kitu kisichokuwepo kwenye kanga yake. Na mimi nikaanza kulisikia tumboni lile donge, likijikunja upya upande mmoja, likijikunja upande wa pili.

Nikavuta pumzi mpaka mwisho.

"Wifi," nikasema, "nalitaka sufuria langu. Nimelitaka tangu ile arusi, nikanyamaza. Jumamosi nataka pilau ya mtoto ipikwe ndani yake, na nataka uipike wewe. Mwaga hayo maji, ulilete."

Hakukasirika. Alitazama mikono yake, akaigeuza viganja juu.

"Nilikuwa nangoja nipate cha kutia," akasema.

"Najua."

Ndala ilikuwa imeacha kuchuruzika.

"Nilete tupu?"

"Tupu, wifi."